Unaunda gari la porini nyumbani? Linda macho, mapafu na maisha yako

Jumamosi alasiri ukipita katika mitaa ya Ruiru kama vile Membley na Kihunguro, au ukifika Thika upande wa Makongeni, hukosi kusikia mlio wa grinda nyuma ya ua la mtu. Pengine ni fundi wa milango na madirisha. Lakini huenda pia akawa ni karani wa benki, mwalimu au mwenye duka aliyenunua Land Rover kuukuu au Suzuki ndogo, akaivua bodi, na sasa anaikata na kuiunga upya ili iweze kuvuka udongo mweusi wa Juja Farm wakati wa mvua na kupanda njia za mawe za kuelekea Ol Donyo Sabuk.

Uraibu huu si mgeni katika sehemu hizi. Kiwanda kilichoanzishwa Thika mwaka 1974 kwa jina la Leyland Kenya, ambacho baadaye kiliitwa Kenya Vehicle Manufacturers, kiliunganisha Land Rover kwa miaka mingi. Na tangu mwaka 1989, mashindano ya Rhino Charge yamewatia watu wengi hamu ya kuunda gari lao wenyewe. Mashindano hayo yalianzishwa ili kuchanga fedha za kujenga ua la umeme kuzunguka msitu wa Aberdare, ua la kilomita 400 hivi ambalo lilikamilika mwaka 2009. Mshindi huko si mwenye mbio bali ni yule anayefikia vituo vyote kwa kusafiri umbali mfupi zaidi, na ndiyo maana magari hayo hukatwa, huinuliwa na kuongezwa vyuma mpaka aliyeyatengeneza kiwandani hawezi kuyatambua.

Ukurasa huu hauna ubaya na uraibu wenyewe. Tunalojali ni yale yanayompata muundaji kabla gari halijatoka langoni. Fundi aliyelelewa katika kazi, hata yule wa jua kali asiye na cheti, ana mazoea ambayo mwili wake umeyajua: namna ya kusimama, mahali pa kuweka kichwa, wakati wa kuruka nyuma. Mtu anayeshika vyombo mara moja kwa juma hana mazoea hayo. Aghalabu huanza kazi jioni akiwa amechoka, taa ni moja, vifaa ameazima, na yuko peke yake.

Jicho halina spea

Tuanze na macho, kwa kuwa ndiyo huumia kwa wepesi na ndiyo hudharauliwa zaidi. Grinda ndogo ya mkono yenye diski ya milimita 115 huzunguka mara 11,000 hivi kwa dakika moja. Maana yake ni kwamba ukingo wa diski unakwenda kwa kasi ya zaidi ya kilomita 230 kwa saa, mwendo ambao hata matatu ya Thika Road haijaufikia. Kipande cha diski kikimeguka hutoka na mwendo huo huo.

Kuna tabia moja mbaya sana ambayo imeenea: kung'oa kinga ya grinda ndogo ili kuifunga diski kubwa ya milimita 230, kwa kuwa hiyo hukata ndani zaidi. Soma maandishi yaliyo juu ya diski kubwa. Utaona imeruhusiwa mizunguko 6,600 hivi tu kwa dakika. Ukiizungusha mara 11,000 unaomba ipasuke, na huna hata ile kinga ambayo ingezuia vipande. Aidha, tazama ile pete ya chuma iliyo katikati ya diski. Imepigwa mwezi na mwaka wa kuisha muda wake, kwa sababu gundi inayoshikanisha diski hudhoofika kwa umri na unyevu. Diski iliyolala miaka mitano kwenye pembe ya banda si akiba, itupe.

Miwani ya kusomea haitoshi, na ya jua haifai kabisa. Nunua miwani ya kinga iliyofunika pande zote, yenye alama ya EN 166 au Z87 kwenye fremu, na unapotumia grinda uvae pia ngao ya uso mzima juu yake. Bei yake haifiki bei ya tairi moja ya matope.

Ukiingiwa na chembe, usifikiche. Osha kwa maji safi mengi huku ukipepesa kope. Isipotoka kwa maji, koma hapo hapo. Usimruhusu rafiki akuchokoe kwa kijiti cha kiberiti, ncha ya leso au sumaku, hata kama amewahi kumtoa mtu mwingine. Chembe ya chuma iliyoshika kwenye kioo cha mbele cha jicho huanza kutoa kutu katika muda wa siku moja tu, na kutu hiyo huacha duara ambalo daktari wa macho hulazimika kulikwangua. Kadiri unavyochelewa ndivyo kovu linavyokuwa kubwa.

Hatari zaidi ya grinda, na watu wachache huijua, ni nyundo. Unapogonga patasi au bolti iliyokataa kutoka, chuma hugonga chuma, na kipande chembamba kama ncha ya sindano chaweza kuruka na kupenya ndani kabisa ya jicho. Kidonda chake huwa kidogo mno. Pengine utahisi kama umechomwa mara moja tu, kisha uone vizuri kama kawaida, ukaendelea na kazi. Siku chache baadaye jicho laweza kuwa limejaa usaha. Ukihisi hivyo wakati wa kugonga chuma, usilioshe jicho, usilikandamize, wala usilifunge kwa pamba. Lifunike kwa kikombe safi cha karatasi kilichokatwa, ambacho hakiligusi, kisha uende hospitali. Usile wala kunywa njiani, kwa maana huenda ukahitaji kupasuliwa siku hiyo hiyo.

Halafu kuna mwanga wa kuchomelea. Huu hauumizi papo hapo. Mtu huchomelea saa kumi alasiri, akatazama cheche mara mbili tatu bila kioo ili aweke chuma sawa, akaenda kulala vizuri. Saa sita za usiku anaamka akiwa kama amemwagiwa mchanga machoni, machozi yanamtiririka na hawezi kutazama taa. Ni ngozi ya jicho iliyoungua, na kwa kawaida hupona kwa siku moja au mbili. Dawa ya kutuliza maumivu, kitambaa baridi juu ya kope zilizofungwa na chumba chenye giza husaidia, lakini onwa na daktari. Vipande vya viazi mbichi na matone ya maziwa, ambayo wachomeleaji hupendekezeana, huleta viini kwenye kidonda. Matone ya dawa ya ganzi nayo husifiwa kwa kuwa hutuliza mara moja; yakitumiwa nyumbani siku baada ya siku, huzuia jicho lisipone na yanaweza kulipofusha. Hali kadhalika usinunue dukani matone yoyote yaliyochanganywa na steroidi bila kuandikiwa na daktari.

Kioo cha kuchomelea kwa vijiti vya kawaida vya milimita 2.5 au 3.2 yafaa kiwe cha namba 10 au 11. Nambari hiyo imechorwa pembeni mwa kioo. Wale mafundi unaowaona barabarani wakichomelea na miwani ya jua hawana ujuzi wa siri. Watawauliza wajukuu wao majina ya watu wanaopita. Kumbuka pia kwamba mabati mapya ya banda lako hurudisha mwanga huo, ukakupata kutoka nyuma ya ngao. Na mtoto anayechungulia mlangoni huungua macho sawasawa na wewe. Tundika turubai.

Malaria ya Jumamosi usiku

Wengi waundao kizimba cha kulinda abiria, yaani ile fremu ya mabomba inayozuia paa lisibonyee gari likipinduka, huenda duka la vifaa vya ujenzi na kununua bomba la maji lililopakwa zinki. Ni rahisi kulipata, na bei ni nafuu. Bomba hilo lina makosa mawili.

Kosa la kwanza ni kwamba lilitengenezwa kupitisha maji, si kubeba gari la tani mbili linapobiringika mtoni. Shirikisho la kimataifa la mbio za magari, FIA, hutaka bomba la chuma lisilo na mshono, na kwa tao kuu lililo nyuma ya dereva hutaka upana wa milimita 45 wenye unene wa 2.5, au upana wa 50 wenye unene wa 2.0. Hata ukipata bomba hilo, lifunge sifongo ngumu kila mahali ambapo kichwa chaweza kufika. Kizimba kilicho wazi karibu na fuvu la mtu asiyevaa kofia ngumu chaweza kumuua katika ajali ambayo angeinuka na kujipangusa vumbi.

Kosa la pili linahusu mapafu. Zinki inapoungua hutoa moshi mweupe, na huacha unga mwepesi kama pamba kando ya kiungo. Mtu aliyevuta moshi huo haoni neno wakati huo. Baada ya saa nne hadi kumi ndipo mwili unaanza kumtetemeka, viungo vinauma, kinywa kina ladha ya chuma, ana kiu, kikohozi na kifua kimebana. Joto linapanda. Kila mtu nyumbani anajua ugonjwa huo ni nini: malaria. Dawa zinanunuliwa, na kufikia Jumatatu mgonjwa amepata nafuu, na sifa zote zinakwenda kwa vidonge. Jumamosi inayofuata anachomelea tena, na malaria inarudi.

Hiyo ni homa ya mvuke wa chuma, na huisha yenyewe kwa siku moja au mbili. Jambo la kusikitisha ni kwamba mwili huizoea kidogo mtu akichomelea kila siku, kisha mazoea hayo hupotea akipumzika. Kwa hivyo anayechomelea mwishoni mwa juma tu hupigwa upya kila mara. Thika na Ruiru ziko juu, mita 1,500 hivi kutoka usawa wa bahari, na malaria si ya kila siku huko kama ilivyo Pwani au karibu na Ziwa Victoria. Ikiwa hukusafiri, na ulichomelea bomba la zinki mchana, unayo sababu ya kushuku. Lakini usibahatishe kwa upande wowote: pimwa damu, na umwambie mhudumu kazi uliyokuwa ukifanya. Iwapo pumzi zinakuwa fupi, au homa inapita siku mbili, nenda hospitali upesi. Vyuma vingine vilivyopakwa, hasa bolti za zamani zenye kadimi, hutoa mvuke unaoanza kama homa hii hii lakini hujaza mapafu maji na kuua.

Kunywa maziwa hakusaidii. Desturi hii imekita mizizi, hata waajiri wengine huwagawia wafanyakazi paketi za maziwa wakidhani wamewakinga. Maziwa huenda tumboni. Moshi uko mapafuni. Kinachosaidia ni kusaga zinki yote kwa umbali wa sentimita tano kila upande wa mahali pa kuunga, kufanyia kazi nje, kusimama pale ambapo upepo unakupiga ubavuni, na kuweka uso nje ya ule mkuki wa moshi unaopanda. Barakoa za kitambaa zilizobaki kutoka wakati wa korona hazizuii mvuke huu. Tafuta ya N95 au FFP2, iliyoshika uso vizuri. Mwenye ndevu nyingi ajue kwamba kwake haishiki.

Tukiwa bado na mapafu, yafaa kutaja dawa ya kunyunyiza ya kusafishia breki. Baadhi ya dawa hizo zina klorini. Chuma kilichonyunyizwa dawa hiyo kikichomelewa kabla ya kukauka, hutoka gesi iitwayo fosijini, ambayo ilitumiwa kuua askari katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Aliyeivuta anaweza kukohoa kidogo, akajisikia vizuri, kisha akazidiwa saa nyingi baadaye. Soma kopo. Penye klorini, usilete moto. Safisha kwa sabuni na maji.

Vumbi la breki nalo lisipulizwe kwa kompresa. Magari mengi yanayopendwa na waundaji ni ya miaka ya sabini na themanini, na breki za wakati huo huenda zina asbesto, ambayo ugonjwa wake huonekana baada ya miaka ishirini na zaidi. Lowesha kwa maji, pangusa kwa kitambaa, kisha ukitupe kitambaa hicho ndani ya mfuko uliofungwa. Rangi ile ya kuchanganywa na dawa ya kugandisha, ambayo mafundi huiita 2K, mwachie mwenye chumba cha kupulizia na kinyago chenye hewa safi. Huleta pumu ambayo haiondoki.

Na injini isiwashwe ndani ya banda lililofungwa, hata kwa dakika chache za kusikiliza mlio. Gesi ya kaboni monoksaidi haina harufu. Huanza na kichwa kuuma, kichefuchefu na usingizi, na mtu hudhani ni uchovu. Jiko la makaa linaloletwa bandani katika baridi ya Julai hutoa gesi hiyo hiyo.

Chini ya gari

Land Rover Defender 110 ina uzito wa karibu tani mbili. Jeki ya mafuta iliundwa kuinua uzito huo. Haikuundwa kuushikilia mtu akiwa chini yake. Ndani mna mpira mdogo unaozuia mafuta yasirudi, na siku unapochakaa gari hushuka, pengine polepole, pengine kwa ghafla.

Watu hulijua jambo hili, ndipo wanapoweka mawe. Mawe ya Ndarugo ni mazuri kwa kujenga ukuta, ambako uzito umeenea. Chini ya ekseli, ambako uzito wote unakaa mahali padogo, hupasuka bila kutoa ishara. Tofali za saruji zenye matundu ni mbaya zaidi. Nunua stendi za chuma mbili, na nne ukiweza, zilizoandikwa tani zinazobeba. Uwanja wako ukiwa wa udongo au marami, weka bamba la chuma au ubao mnene chini ya kila stendi, kwani mvua ya usiku mmoja yatosha kuuzamisha mguu mmoja. Kabla ya kuingia, lisukume gari kwa nguvu kutoka ubavuni. Likitikisika, afadhali litikisike ukiwa nje. Kisha ingiza gurudumu la akiba chini ya chasisi. Hata kila kitu kikishindwa, gurudumu hilo litakuachia nafasi ya kifua.

Wenye Land Rover za aina ya Series na Defender wana jambo lao la ziada. Breki yao ya mkono haishiki magurudumu; hushika mtaimbo unaotoka kwenye gia kwenda ekseli ya nyuma. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, lile la hewani huwa huru kuzunguka, na kwa hivyo lile la chini nalo laweza kuviringika. Gari linaondoka kwenye jeki huku breki imevutwa kabisa. Weka kabari mbele na nyuma ya magurudumu yaliyobaki ardhini kabla hujagusa jeki.

Jeki ndefu ya porini yenye mpini, ambayo waundaji huipenda na kuifunga kwenye bampa kama pambo, huvunja taya za watu. Mpini ukikuponyoka chini ya uzito huruka juu kwa nguvu zote. Weka kichwa pembeni siku zote, kamwe si katikati ya mpini na nguzo, na usikubali kufanya kazi chini ya gari lililoshikiliwa nayo peke yake.

Springi za mviringo zilizobanwa, na zile rimu za vipande zinazopatikana kwenye Land Cruiser za zamani, zina nguvu ya bomu. Hizi sitazifundisha hapa. Rimu ya vipande ipeleke kwa mtu wa matairi aliye na kizimba cha kujazia upepo, na usisimame mbele yake.

Ikiwa mwenzako amebanwa, usimvute. Inua gari kwa jeki ya pili, iweke stendi, ndipo asogezwe, shingo na mgongo vikiwa vimenyooka. Na kwa sababu hiyo hiyo, usiingie chini ya gari kama hakuna mtu nyumbani anayejua uko huko. Simu iwe mfukoni, si juu ya meza ya vifaa. Bia za Jumamosi zingoje mpaka gari liwe limeshuka kwenye stendi.

Tangi, betri na umeme

Tangi la petroli lililokauka ni hatari kuliko lililojaa. Kinacholipuka si petroli bali ni mvuke wake uliochanganyika na hewa, na tangi tupu limejaa mchanganyiko huo. Kulisuuza kwa sabuni hakuuondoi wote, kwani mabaki yaliyojificha kwenye mishono hugeuka mvuke moto unapokaribia. Ushauri wetu kwa asiye fundi wa kazi hiyo ni mfupi: usichomelee tangi. Nunua jingine. Unapochomelea mahali penginepo, toa tangi na ulipeleke mbali, ondoa waya za betri, na ukimaliza kaa hapo nusu saa nzima ukitazama, kwa sababu sifongo ya kiti huweza kuungua ndani kwa ndani kabla moshi haujaonekana. Kizima moto cha unga kiwe mlangoni, pale unapokimbilia, si ndani kabisa pale moto utakapokuwa.

Betri inayochajiwa hutoa hidrojeni, na cheche moja hutosha kuirusha tindikali usoni. Tindikali ikiingia jichoni, osha papo hapo kwa maji kwa dakika 20 au zaidi kabla ya kwenda popote. Kwa kuwa mitaa mingi hupata maji kwa zamu, weka mtungi wa lita 20 wa maji safi bandani, na mtu asiukopeshe kwa kufulia.

Mashine za kuchomelea zinazoundwa na mafundi wa jua kali ni kazi ya kusifiwa, lakini nyingi zina nyaya zilizo wazi na hazina waya wa ardhi. Mtu aliyelowa jasho, viatu vimelowa, amepiga goti kwenye uwanja wenye maji, ni njia nyepesi ya umeme. Glavu kavu, viatu vikavu, na ubao wa kukanyagia.

Kidonda kidogo, ugonjwa mkubwa

Kila anayeunda gari hukatwa. Watu husema kutu huleta pepopunda. Kwa kweli viini vyake huishi kwenye udongo na mavi ya wanyama, na chuma kuukuu kilicholala uani penye kuku na ng'ombe huwa kimebeba vyote viwili. Wanawake wengi huchanjwa tena wakati wa ujauzito, lakini mwanamume wa miaka 40 huenda chanjo yake ya mwisho ilikuwa ya utotoni. Kama imepita miaka kumi, pata nyingine sasa kabla ya kuumia. Kidonda kirefu au kichafu chahitaji sindano ikiwa imepita miaka mitano. Taya zikianza kukaza siku au majuma baadaye, usingoje asubuhi.

Ukiungua, tia maji ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno, unga na mayai humpa daktari kazi ya kuviondoa kabla hajaanza kutibu. Kidole kilichokatika kifungwe kwa kitambaa safi kilicholoweshwa kidogo, kitiwe katika mfuko wa plastiki, na mfuko huo uwekwe ndani ya maji yenye barafu. Barafu yenyewe isikiguse. Na bomba la grisi lenye shinikizo likikuchoma kidole, nenda hospitali hata kama ni kitundu kisichouma. Grisi hupenya ndani ya kiganja na kuozesha nyama, na saa chache ndizo huamua kama kidole kitabaki.

Watoto wa nyumba hawajui kwamba ile chupa ya soda iliyo chini ya meza ina maji ya breki. Maji ya rejeta yenye dawa ya rangi yana ladha tamu, na huua figo. Acha kila kitu katika kopo lake, juu, na mlango ufungwe.

Neno kuhusu kijana unayemwita akuchomelee. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka hata mtu aliyejiajiri ajilinde na awalinde wengine walio mahali pake pa kazi. Kijana huyo akifika na miwani ya jua, mpe ngao yako. Anakuja kwa siku mbili, macho yake ameyabeba ya miaka arobaini ijayo.

Kwa ajali nyingi, Hospitali ya Thika Level 5 na Hospitali ya Ruiru Level 4 ndizo za karibu. Jicho lililopenywa laweza kupelekwa zaidi, kwa mfano katika hospitali ya macho ya PCEA Kikuyu au ile ya Lions SightFirst iliyoko Loresho, Nairobi. Popote utakapofika, mweleze daktari ulikuwa ukifanya nini hasa: ulikuwa ukigonga chuma kwa chuma, au ukisaga, au ukichomelea bomba la zinki, na saa ngapi. Ukigonga chuma, sisitiza upigwe picha ya eksirei kabla ya mtu yeyote kukutia katika mashine ya MRI, kwa maana mashine hiyo ni sumaku kubwa, na itakivuta kipande cha chuma kilichomo jichoni.